Kinu cha nyundo
Kinu cha nyundo ni mashine ya kusaga nafaka inayopasua punje kwa kuzipiga, si kwa kuzisugua kama jiwe la kusagia. Mhimili wake hubeba vipande vya chuma vinavyozunguka mara elfu kadhaa kwa dakika. Unga hupenya kwenye chekeche, na punje zilizobaki hupigwa tena.

Matundu ya chekeche ndiyo yenye uamuzi. Ya takriban milimita 1 hutoa unga wa ugali. Yaliyo makubwa zaidi, chakula cha mifugo.

Tanzania, mashine hii husaga dona, yaani unga wa mahindi yasiyokobolewa, moja kwa moja. Kwa sembe, mahindi hukobolewa kwanza, na pumba huuzwa kwa wafugaji. Viwanda vikubwa hupendelea roli za chuma, teknolojia iliyostawi Budapest katika karne ya 19, kwani hutenganisha ganda na kiini hatua kwa hatua.

Ufanisi hupotezwa na mambo madogo: nyundo zilizochakaa, mahindi mabichi yanayoziba chekeche, msumari ambao sumaku haikuunasa. Vumbi nalo si la kudharauliwa hata kidogo. Mwaka 1878, vumbi la unga lililipuka katika kinu cha Washburn A mjini Minneapolis, Marekani, likabomoa na vinu jirani na kuua watu 18.