Hananasif: Mtaa Uliochimba Mifereji Yake

Barabara ya Bagamoyo imewaleta wengi mjini. Serikali ya Kijerumani ilipohamishia makao yake Dar es Salaam mwaka 1891, na ujenzi wa reli ya kati ulipoanzia huko mwaka 1905, bandari ile kongwe ya misafara ilififia, na mji jirani ukakua upesi. Waliokuja kutoka pwani na bara walihitaji mahali pa kulala. Viwanja vilivyopimwa havikutosha, hivyo watu walijenga walikopata nafasi. Mojawapo ya mahali hapo ni Hananasif, katika Kinondoni, kwenye mteremko unaoshukia bonde la Msimbazi.

Katika miaka ya 1960 Serikali ilijaribu kuibomoa mitaa ya namna hii na kujenga upya kupitia Shirika la Nyumba la Taifa, lililoundwa mwaka 1962. Gharama zilikuwa kubwa mno. Miaka ya 1970 mkopo wa Benki ya Dunia uliwezesha upimaji wa viwanja Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, pamoja na kuboreshwa kwa Manzese. Mpango huo ulipokoma, mitaa ikaachwa ijiendee yenyewe.

Hananasif ilikuwa na wakazi wapatao 20,000, na maji ya mvua hayakuwa na njia. Kila masika vyoo vya shimo vilifurika, na uchafu wake ukaingia katika vyumba walimolala watoto. Gari la kumchukua mgonjwa halikuwa na pa kupita.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakazi waliunda kamati, na baadaye chama chao cha maendeleo. Awamu ya kwanza ya kazi ilikuwa kati ya mwaka 1992 na 1994, na ya pili kati ya 1997 na 2000. Shirika la Kazi Duniani lilitoa utaalamu. Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa na Ford Foundation zilitoa fedha. Chuo cha Ardhi nacho kilishiriki. Lililokuwa jipya ni kwamba kazi haikukabidhiwa mkandarasi kutoka nje. Wakazi wenyewe, wanaume kwa wanawake, walishika sululu na makoleo, wakalipwa ujira, na chama chao ndicho kilichoingia mkataba. Haikuwa kazi nyepesi kumshawishi mwenye nyumba aachie hatua kadhaa za uwanja wake ili mfereji upite.

Barabara ilipokamilika, chama kiliweka kizuizi na kutoza magari ada ndogo kwa ajili ya matengenezo. Mpango huo wa kizuizi unastahili kukumbukwa kuliko hotuba nyingi zilizotolewa wakati ule, maana mifereji mingi ya mji huu imekufa kwa kukosa mtu wa kuizoa mchanga. Kuanzia mwaka 2005 mpango mkubwa zaidi wa kuboresha mitaa ulifuata katika Kinondoni, Ilala na Temeke.

Hata hivyo, mtaa ulipopendeza kodi za vyumba zilipanda. Mwenye nyumba alinufaika. Mpangaji, aliyechimba mfereji ule ule, mara nyingine alilazimika kuhama.

Nao waliojenga chini kabisa bondeni hawakuokolewa na mifereji. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wapatao 40 jijini. Mwaka 2012 waathirika wa bonde la Msimbazi walipewa viwanja Mabwepande, karibu na Bunju, wakaanza maisha katika mahema. Desemba 2015 nyumba nyingi zilizosalia bondeni, upande wa Hananasif na Mkwajuni, zilibomolewa.

Hivyo familia hizo zilirudishwa katika njia ya Bagamoyo, mbali na masoko na vibarua vilivyowalisha. Baadhi walivumilia wakajenga. Wengine waliuza viwanja vyao na kurudi mjini kutafuta chumba cha kupanga.