Rangi ya shaba ndani ya nyumba

Rangi ya shaba ni rangi ya kupaka ukutani yenye uchungwa uliokolea na mng'ao wa metali. Hupakwa zaidi sebuleni, na mara nyingi ukuta mmoja tu. Jina limetokana na shaba nyekundu, metali iliyolipa hata jimbo la Katanga jina la Shaba kati ya 1971 na 1997. Isichanganywe na shaba ya njano, ile ya vichwa vya misumari kwenye milango ya Zanzibar, ambayo ni shaba iliyochanganywa na zinki na huelekea dhahabu. Hapa inaelezwa kwa hali ya Bulyaga, kata ya mji wa Tukuyu wilayani Rungwe, ambako ukungu na mvua huamua mengi kabla mwenye nyumba hajachagua lolote.

Kinachong'aa ndani ya kopo kwa kawaida si shaba yenyewe. Ni vipande vyembamba sana vya ulanga (maika) vilivyovikwa oksidi ya chuma, yaani ndugu wa kutu, kitu kilekile kinachoupa udongo wekundu wake. Kwa hiyo rangi hii si ngeni kama makopo yake yanavyojitangaza: Joseph Thomson, Mskoti aliyepita nchi ya Wanyakyusa mwaka 1879, alizisifu nyumba zao za mianzi na udongo miaka mingi kabla ya duka la rangi kufunguliwa Tukuyu. Zipo pia rangi zenye unga wa shaba halisi. Hizo zisipofunikwa kwa vanishi hugeuka kahawia, na penye unyevu huweza kuota ukijani.

Vipande vya ulanga vikilala bapa, ukuta hung'aa sawasawa. Vikilala hovyo, mabaka huonekana. Ndiyo maana fundi mzoefu harudirudii roli mahali pamoja. Hupaka ukuta mzima bila kupumzika, akavuta mkono wa mwisho toka juu hadi chini, upande mmoja, rangi ikiwa bado mbichi. Kabla ya hapo hungoja giza, akawasha tochi ya simu na kuilaza ubavuni mwa ukuta. Kila kibonde na kila mkwaruzo hutupa kivuli, naye huuzungushia alama ya penseli ili kesho uzibwe na kupigwa msasa. Nyeupe ya kawaida husamehe lipu mbaya. Shaba haisamehi.

Adui mkubwa wa Tukuyu ni maji. Mji uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Lipu mpya ya saruji huhitaji takriban wiki 4 kukauka, na wakati wa masika hata hizo hazitoshi. Ukipaka mapema, chumvi hutoka ukutani kama unga mweupe na rangi huvimba. Kipimo rahisi ni kubandika kipande cha nailoni ukutani, kingo zote zikiwa zimezibwa kwa gundi ya karatasi, na kukiacha usiku kucha: kikikutwa na matone kwa ndani, ukuta haujawa tayari. Agosti hadi Oktoba ndiyo miezi ya kuaminika.

Kopo nalo lichunguzwe. Rangi za mafuta za manjano, chungwa na nyekundu ndizo zilizozoea kutiwa kromati ya risasi, sumu inayodhuru ubongo wa mtoto. Shirika la Afya Duniani linapendekeza risasi isizidi sehemu 90 kwa milioni.

Lakini kinachoifaulisha au kuiua rangi hii ni mwanga. Tukuyu iko kusini mwa ikweta, karibu nyuzi 9, hivyo Juni na Julai, baridi ikiwa kali, jua la mchana hukaa upande wa kaskazini. Ukuta unaopokea mwanga wa dirisha la kaskazini ndio wa kupakwa. Ukungu ukishuka, mwanga huwa wa kijivu, na kuta nne za shaba hufanya chumba kuwa pango. Usiku ni suala la balbu. Chini ya balbu nyeupe ya kelvini 6,500 shaba huwa tope. Chini ya ile ya njano ya kelvini 2,700 hufanana na makaa yaliyokolea. Wengi huchagua rangi kwanza, balbu baadaye, na hapo ndipo wanapokosea.

Basi ipakwe kwanza kwenye kipande cha jipsamu, mikono miwili, kisha kiegemezwe ukutani kwa siku nzima na jioni yake. Lita moja hufunika takriban mita za mraba 8 hadi 12 kwa mkono mmoja, lakini inunuliwe ya ziada kutoka mchanganyiko uleule. Moshi wa jiko la mkaa ukipaka doa, au kiti kikikwaruza, shaba haitiwi kiraka: kiraka hung'aa kivyake, na ukuta wote hurudiwa kona hadi kona.