Wajamaa Waliosafisha Milwaukee

Mwanzoni mwa karne ya 20, Milwaukee lilikuwa jiji la viwanda vya bia, ngozi na chuma, kando ya Ziwa Michigan huko Marekani. Wakazi wake wengi walikuwa Wajerumani na Wapolandi, wao wenyewe au wazazi wao wakiwa wamevuka bahari kutafuta kazi. Mito mitatu inakutana mjini humo na kumwagika ziwani. Mito hiyo ndiyo iliyobeba majitaka, na kutoka ziwa hilohilo jiji lilivuta maji ya kunywa. Homa ya matumbo ilikuwa inawaua watu, hasa maskini.

Uchafu mwingine ulikuwa ndani ya ukumbi wa jiji. Katika miaka ya Meya David Rose, maofisa na madiwani wengi walifikishwa mahakamani kwa hongo. Wananchi walikwisha kuchoka, na chama kidogo cha wajamaa, kilichoongozwa na Victor Berger, mwalimu na mhariri wa magazeti aliyezaliwa katika Milki ya Austria, kilikuwa tayari kuwapokea.

Chama hicho hakikuwa na fedha. Kilichokuwa nacho ni vyama vya wafanyakazi, na watu waliokuwa radhi kuamka mapema. Jumapili alfajiri kabla ya uchaguzi, makada wa kujitolea walichukua mafungu ya vipeperushi, kila mmoja na mtaa wake, wakapita mlango hadi mlango. Walijua nyumba ipi inasoma Kijerumani, ipi Kipolandi, ipi Kiingereza, na kila familia ilikuta karatasi ya lugha yake. Kwa maoni yangu, hapa ndipo uchaguzi uliposhindaniwa na ushindi kupatikana, kabla hata ya hotuba za majukwaani.

Aprili 1910 Emil Seidel, fundi aliyechonga vielelezo vya mbao vya kusubia vyuma, alichaguliwa kuwa meya, na chama kikapata madiwani wengi barazani. Lilikuwa jiji kubwa la kwanza Marekani kuongozwa na mjamaa. Seidel alimwita mchumi John R. Commons kutoka Chuo Kikuu cha Wisconsin aje kuchunguza hesabu na utendaji wa jiji. Katibu wa Seidel alikuwa kijana Carl Sandburg, ambaye baadaye alijulikana kote kwa mashairi yake. Mwaka 1912 Warepublican na Wademocrat, mahasimu wa siku zote, waliungana nyuma ya mgombea mmoja, Seidel akaanguka.

Miaka minne baadaye wapiga kura walimchagua mjamaa mwingine, Daniel Hoan. Huyu aliwahi kuacha shule akiwa kijana na kufanya kazi ya upishi kabla ya kusomea sheria. Alikaa kwenye kiti cha meya miaka 24, hadi 1940, na kwa sehemu kubwa ya muda huo chama chake hakikuwa na madiwani wa kutosha barazani. Ilimbidi abembeleze na kushawishi kura baada ya kura. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, bei zilipopanda, jiji lilinunua akiba ya vyakula vya jeshi na kuviuza kwa wananchi bila faida.

Kazi kubwa kuliko zote ilikuwa ya majitaka. Haki isemwe: kamisheni ya majitaka iliundwa 1913, wajamaa wakiwa nje ya madaraka. Lakini mtambo wa Jones Island ulijengwa na kuanza kazi 1925, Hoan akiwa meya. Humo hewa inapulizwa ndani ya majitaka ili vijidudu vile uchafu, kisha tope linatuama chini na maji yaliyosafishwa yanarudi ziwani. Tope lile likikaushwa linakuwa mbolea, na tangu 1926 linauzwa kwa jina la Milorganite. Wajamaa wa New York, waliopenda mijadala ya mapinduzi, waliwabeza wenzao kwa kujishughulisha na mabomba ya vinyesi. Wa Milwaukee walijivunia mabomba yao, na naona walikuwa na haki, kwa sababu mtoto anayekufa kwa maji machafu hawezi kusubiri mapinduzi.

Matumaini mengine hayakutimia. Walitaka umeme uwe mali ya jiji, hawakuupata. Nyumba 105 za Garden Homes, zilizojengwa kuanzia 1921 ili wakazi wazimiliki kwa ushirika, ziliuzwa moja moja kwa watu binafsi kabla ya miaka mingi kupita. Hata kushindwa kwa Hoan kulikuwa na uchungu wake: aliyemwangusha, Carl Zeidler, hakuwa mjamaa, lakini mdogo wake Frank alikuwa mjamaa kindakindaki.

Frank Zeidler alirudisha chama madarakani 1948. Alijenga nyumba za umma na kupanua mipaka ya jiji. Wamarekani weusi walikuwa wakihamia kutoka kusini, naye alitetea haki zao. Katika uchaguzi wa 1956 wapinzani walieneza uvumi kwamba ameweka mabango kusini kuwaalika watu weusi waje Milwaukee. Ulikuwa uongo. Alishinda, lakini 1960 hakugombea tena.

Tangu hapo Milwaukee halijapata meya mwingine kutoka chama hicho. Mtambo wa Jones Island unafanya kazi mpaka leo, na Milorganite bado inauzwa madukani.