Mgeni na Jembe la Mwenyeji: Makocha Wapya na Timu ya Taifa ya Uganda, 2013 hadi 2024

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii inafaa kueleza ujio wa kocha mpya. Kila anapotangazwa kocha, iwe ni katika timu ya taifa au katika klabu ndogo hapa Kasese, mashabiki huuliza: je, mtindo wake utaifaa timu yetu? Katika insha hii nitatumia historia ya timu ya taifa ya Uganda, Cranes, kuonyesha kwamba tungeanza na swali jingine: timu ina nini ambacho kocha huyu anaweza kukitumia? Methali haisemi kwamba mgeni huja na jembe lake. Inasema apewe, na anayempa ni mwenyeji.

Tuanze na hali ya timu kabla ya mwaka 2013. Uganda ilikuwa imefika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 1978, ikafungwa na Ghana 2-0 mjini Accra, na tangu hapo haikuwahi kurudi kwenye mashindano hayo. Chini ya kocha Bobby Williamson kutoka Uskoti, ilikaribia mara mbili. Oktoba 2011 ilihitaji kuifunga Kenya pale Namboole, ikatoka sare ya 0-0. Oktoba 2012 ilitolewa na Zambia, mabingwa wa Afrika wa mwaka huo, kwa mikwaju ya penalti. Kwa hiyo Williamson aliacha timu ngumu kufungika ambayo ilikosa hatua moja tu.

Mei 2013 akaja Milutin Sredojević wa Serbia, ambaye Waganda wote humwita Micho. Hakuwa mgeni kabisa, kwa sababu miaka ya nyuma alikuwa amefundisha SC Villa ya Kampala. Alijua kwamba mchezaji bora wa Uganda alikuwa kipa, Denis Onyango, na kwamba mbele hakuwa na mfungaji wa kutegemewa katika kila mechi. Akajenga timu kuanzia nyuma. Katika kufuzu kwa Kombe la mwaka 2017, Uganda ilicheza mechi 6, ikafunga mabao 6 na kufungwa 2 tu. Tarehe 4 Septemba 2016, bao moja la Farouk Miya dhidi ya Comoro liliirudisha Uganda kwenye mashindano hayo baada ya miaka 38.

Hata hivyo, huko Gabon mwaka 2017 udhaifu wa mtindo huo ulionekana. Uganda ilifungwa 1-0 na Ghana, ikafungwa 1-0 na Misri dakika za mwisho, kisha ikatoka sare ya 1-1 na Mali. Mechi tatu, bao moja. Wengi walisema timu inajua kuzuia lakini haijui kushambulia. Julai mwaka huohuo Micho akaondoka kutokana na mgogoro wa malimbikizo ya mshahara.

Hapo ndipo akaingia Sébastien Desabre, Mfaransa aliyekuwa amepita katika klabu kama ASEC ya Abidjan, Coton Sport ya Garoua, Espérance ya Tunis, Wydad ya Casablanca na Ismaily ya Misri. Aliteuliwa mwishoni mwa Desemba 2017. Wiki chache baadaye alikuwa Moroko na wachezaji wa ligi ya ndani kwenye mashindano ya CHAN. Alifungwa 3-1 na Zambia, akafungwa 1-0 na Namibia, akatoka sare ya 0-0 na Kodivaa. Hakushinda hata mechi moja. Kama mtu angemhukumu kwa mechi hizo tatu, angesema mtindo wake haufai Uganda.

Lakini tuangalie kilichofuata. Katika kufuzu kwa Kombe la mwaka 2019, Uganda ilicheza mechi 5 bila kufungwa bao lolote. Ya kwanza, ushindi wa 1-0 huko Cape Verde Juni 2017, ilikuwa bado ya Micho. Zilizobaki zilikuwa za Desabre. Uganda ilifuzu Novemba 2018 kwa bao la Patrick Kaddu, ikiwa imebakiza mechi moja. Katika mechi hiyo ya mwisho ilifungwa 3-0 na Tanzania jijini Dar es Salaam, na majirani zetu wakafuzu kwa mara ya kwanza tangu 1980. Uganda ilimaliza na alama 13. Katika kufuzu kwa mwaka 2017 pia ilikuwa na alama 13: ushindi mara nne, sare moja, kushindwa mara moja. Makocha ni tofauti, hesabu ni ileile. Hii inatuonyesha kwamba Desabre hakubomoa ukuta aliouachiwa.

Alichoongeza ni namna ya kupata mabao bila kuufungua ukuta huo. Tarehe 22 Juni 2019 jijini Cairo, Uganda iliifunga Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 2-0. Mabao yote mawili, la Kaddu na la Emmanuel Okwi, yalitokana na mipira iliyokufa na yote yalifungwa kwa kichwa. Ulikuwa ushindi wa kwanza wa Uganda katika fainali hizo tangu 1978. Baadaye ikatoka sare ya 1-1 na Zimbabwe, ikafungwa 2-0 na Misri, na katika hatua ya 16 bora ikatolewa na Senegal kwa bao moja la Sadio Mané. Siku chache baada ya hapo Desabre aliondoka.

Sisi wa Bwera na Katwe tuna sababu ya pekee ya kuikumbuka mechi ile ya Cairo. Mpaka wa Mpondwe hututenganisha na Kasindi kwa mto tu. Chumvi ya Katwe huuzwa hadi Kongo, Wakonzo wa upande huu na Wanande wa upande ule ni ndugu kwa lugha, na Kiswahili hutumika pande zote mbili sokoni. Kwa hiyo aliyeshangilia na aliyenung'unika siku ile waliweza kuwa wateja wa duka moja. Miaka mitatu baadaye, Agosti 2022, Kongo ikamchukua kocha yuleyule aliyeifunga.

Tukio hili ni ushahidi mzuri kwa mwanafunzi wa historia: kocha mmoja, timu mbili. Kongo ilikuwa imepoteza mechi mbili za kwanza za kufuzu, dhidi ya Gabon na Sudan, kabla Desabre hajafika. Aliikuta ikiwa na washambuliaji wa klabu za Ulaya kama Cédric Bakambu na Yoane Wissa, na beki imara, nahodha Chancel Mbemba. Hapa hakuhitaji kusubiri kona ili apate bao. Kongo iliongoza kundi lake. Huko Kodivaa, mwanzoni mwa 2024, ilitoka sare na Zambia, Moroko na Tanzania, ikaitoa Misri kwa penalti, ikaifunga Guinea 3-1, na ikaishia nafasi ya nne. Uvumilivu wa kutofungwa ulikuwa uleule wa Uganda. Tofauti ni kwamba alikuwa na watu wengi zaidi wa kufunga.

Kuna hoja inayopinga. Mtu anaweza kusema kwamba kocha mzuri ni mzuri popote, na kwamba hayo ya kurithi ni visingizio. Jibu lake ni Micho mwenyewe. Julai 2021 alirudishwa Uganda baada ya Johnny McKinstry kuondoka. Mtu ni yuleyule na maarifa ni yaleyale, lakini Onyango alikuwa amestaafu timu ya taifa Aprili mwaka huo, pamoja na beki Hassan Wasswa. Isitoshe, Namboole ilikuwa ikikarabatiwa, hivyo mechi za nyumbani zikachezwa nje ya nchi. Ile ya Machi 2023 dhidi ya Tanzania ilichezwa Ismailia, Misri, na Uganda ikafungwa 1-0. Haikufuzu, na Micho akaondolewa Septemba 2023. Mtindo uliofaa mwaka 2016 ulikosa watu wake na uwanja wake.

Kutokana na historia hii, nahitimisha kwamba mtindo wa kocha hufaa au haufai kulingana na anachokikuta. Klabu za wilaya yetu hubadilisha makocha kila msimu, na mara nyingi kocha hufukuzwa baada ya mechi tatu au nne, kabla hata hajajua majina ya wachezaji wote. Hasara haimpati kocha peke yake. Kijana aliyefundishwa kucheza beki mwaka jana huambiwa mwaka huu asahau yote, na mwaka ujao huambiwa tena vingine, mpaka anakata tamaa na kuacha mpira. Viongozi wa klabu wangeanza kwa kuhesabu walichonacho: kipa yupi, beki yupi, nani anajua kufunga. Wakishajua hayo, ndipo wamtafute mgeni anayeweza kulima kwa jembe hilo, na wampe muda zaidi ya siku tatu.