Kujikosha kwa Upinde

Gilbert Baker alikataa kuifanya bendera yake alama ya biashara. Aliibuni mwaka 1978 kwa ajili ya maandamano ya San Francisco. Yeye na wenzake wa kujitolea wapatao thelathini walichovya vitambaa vya pamba katika mapipa ya rangi, wakavikausha na kuvishona, na tarehe 25 Juni zikapanda mlingotini bendera mbili kubwa zenye milia minane ya upinde wa mvua. Miezi mitano baadaye Harvey Milk, mmoja wa wanasiasa wa kwanza Marekani kuchaguliwa huku akijulikana wazi kuwa shoga, aliuawa kwa risasi ndani ya jengo la manispaa. Watu wakazitaka bendera kwa wingi. Mlia wa waridi ukaondolewa kwa sababu kitambaa cha rangi ile hakikupatikana kwa urahisi viwandani. Soko, kwa maana hiyo, liliigusa bendera hii mapema sana.

Kwa kuwa kisheria haina mwenyewe, benki inayotaka kuipachika kwenye nembo yake haiombi ruhusa kwa mtu, na kiwanda cha bia hakilipi hata senti. Uhuru huo ndio uliozaa jambo ambalo wazungumzaji wa Kiingereza wameliita "rainbow-washing", na ambalo sisi tunaoandika habari za dunia kwa Kiswahili tunalizungukazunguka bila kulipa jina.

Neno lao lina ukoo. Babu yake ni "whitewash", yaani kupaka chokaa: ukuta una ufa, unaupaka chokaa, ufa hauonekani. Mwaka 1986 mwanamazingira wa Marekani, Jay Westerveld, aliandika kuhusu hoteli zilizowaomba wageni watumie taulo zaidi ya mara moja ili kuiokoa dunia. Aliona kuwa hoteli hizo hazikuwa na jitihada nyingine yoyote ya maana kwa mazingira, na kwamba kilichookolewa hasa ni gharama ya kufua. Kijani kikaingia badala ya chokaa, likapatikana "greenwashing". Kisha ikaja waridi ya utepe wa saratani ya matiti, "pinkwashing": mwaka 2002 shirika la Breast Cancer Action lilianzisha kampeni ya kuwataka wanunuzi waulize fedha za bidhaa zenye utepe huo zinakwenda wapi. Waridi hiyo hiyo ilichukuliwa baadaye na wakosoaji wa dola. Mwandishi Sarah Schulman aliitumia mwaka 2011 katika New York Times kuikosoa Israeli kwa kujitangaza kuwa rafiki wa mashoga ilhali inawakalia Wapalestina. Hiyo ni istilahi ya siasa za mataifa, na nisingependa ichanganywe na ya makampuni.

Ya makampuni maana yake ni hii: kampuni kutumia rangi na alama za wapenzi wa jinsia moja na watu waliobadili jinsia ili ipate wateja na jina zuri, huku matendo yake hayawasaidii watu hao, au yanawadhuru. Uzito wote wa istilahi umelala kwenye hilo "huku". Tangazo lenye upinde si kosa. Kutafuta wateja si kosa. Kosa ni pengo kati ya kinachopakwa mbele na kinachofanyika nyuma, na tafsiri isiyobeba pengo hilo haifai.

Kwa sababu hiyo siwezi kukubali "uoshaji wa upinde", ingawa ndiyo tafsiri itakayomjia haraka mtu mwenye kamusi mkononi. Ukiisoma unaelewa kwamba upinde ndio unaooshwa. "Utakatishaji" unavutia zaidi, maana Kiswahili cha mahakamani tayari kina utakatishaji fedha: pesa chafu inaingia, inazungushwa, inatoka ikiwa safi. Lakini huo ni uhalifu wenye vifungu na adhabu, na kampuni iliyobadili nembo mwezi Juni, mwezi wa maadhimisho ya wapenzi wa jinsia moja, haijavunja sheria yoyote. Neno litakuwa limehukumu kabla ya ushahidi. "Kujipaka upinde" lina sura nzuri na liko karibu na chokaa ya asili, ila halina nia ndani yake. Bibi harusi hupakwa hina kwa mapenzi matupu.

Ninalolipendekeza ni kujikosha kwa upinde.

Kukosha ni kuosha, na Unguja watu hukosha vyombo kila siku. Lakini mtu akiambiwa "usijikoshe hapa" hakuna anayefikiria sabuni. Anaambiwa hivyo mtu aliyekuwamo kwenye jambo, ambaye sasa anakuja mbele za watu kwa maneno mazuri ili aonekane hakuwamo. Mzungumzaji yeyote wa Kiswahili, awe Tanga au Mombasa, anaisikia nia ile bila kufafanuliwa. Tena kitenzi hiki kina upande wa pili: wimbo ukikufurahisha mno unasema umekukosha. Tangazo la biashara hufanya yote mawili kwa pigo moja. Linamkosha mteja, na mwenye tangazo anajikosha. Sijui neno la Kiingereza linaloweza hivyo.

Kuna faida nyingine ninayoijali zaidi. Hajikoshi ila mwenye doa. Mwandishi akisema kampuni fulani inajikosha, msomaji ana haki ya kuuliza: doa gani? Basi istilahi yenyewe inamlazimisha mwandishi aonyeshe.

Tuchukue Disney, kwa sababu doa lake lilionekana mchana kweupe. Kampuni hii ilikuwa ikiuza kofia za masikio ya Mickey zenye rangi za upinde, fulana na mapambo ya Juni, na mwaka 2019 bustani yake ya Paris iliandaa sherehe yake rasmi ya kwanza ya Fahari (Pride). Mwanzoni mwa 2022 bunge la jimbo la Florida, ambako Disney ni miongoni mwa waajiri wakubwa kabisa, lilijadili muswada wa kuzuia mafundisho kuhusu mwelekeo wa kimapenzi na utambulisho wa jinsia kuanzia chekechea hadi darasa la tatu. Gazeti la Orlando Sentinel likafukua rekodi za michango ya siasa na kukuta kwamba Disney iliwahi kumchangia kila mwanasiasa aliyeudhamini muswada ule. Mkurugenzi mkuu, Bob Chapek, mwanzoni aliwaandikia wafanyakazi kwamba matamko ya makampuni hayabadilishi mambo sana, na kwamba mchango mkubwa wa Disney ni hadithi inazozisimulia. Wafanyakazi wa Pixar, studio iliyo chini ya Disney, wakajibu kwa barua: hadithi zenyewe, walisema, zilikuwa zikikatwa na wakubwa kila zilipoonyesha mapenzi ya watu wa jinsia moja.

Tarehe 11 Machi Chapek aliomba radhi na kusimamisha michango yote ya kisiasa Florida. Tarehe 22 baadhi ya wafanyakazi walisimamisha kazi na kutoka nje kwa maandamano. Gavana Ron DeSantis alitia saini sheria hiyo tarehe 28.

Ndani ya majuma machache kila kipengele cha istilahi kilijionyesha: bidhaa dukani, fedha kwa upande wa pili, na wenye bendera wakiwa humo humo ndani ya kampuni wakilijua pengo kuliko mtu wa nje. Ila kisa hakikuishia hapo. Busu kati ya wanawake wawili lililokuwa limekatwa katika filamu ya Lightyear lilirudishwa, na filamu ilipotoka Juni 2022 Umoja wa Falme za Kiarabu uliipiga marufuku, na nchi nyingine kadhaa zikafuata. Disney ilikubali kukosa soko hilo badala ya kukata tena. Kitendo kile, kwa maoni yangu, hakimo ndani ya kujikosha. Kampuni moja inaweza kujikosha Machi na kulipa gharama ya kweli Juni, na mwandishi mwaminifu atayaandika yote mawili.

Coors ni kesi ngumu zaidi, na naipenda kwa ugumu wake. Katika miaka ya 1970 kiwanda hiki cha bia cha Colorado kiliwaweka waombaji kazi kwenye mashine ya kupima uongo, na maswali yaligusa hata mambo yao ya chumbani. Allan Baird, kiongozi wa chama cha madereva San Francisco, alimfuata Harvey Milk ili baa za mashoga zisusie bia hiyo. Milk akakubali kwa sharti kwamba chama kiwafungulie mashoga ajira ya udereva. Baa zikaacha kuiuza. Joseph Coors, wa familia hiyo, alikuwa mmoja wa waliotoa fedha za kuanzisha Heritage Foundation mwaka 1973, taasisi iliyopigana kwa miaka mingi na haki za wapenzi wa jinsia moja. Halafu mwaka 1995 kampuni ikatoa mafao kwa wenzi wa wafanyakazi wake wa jinsia moja, wakati waajiri wengi wa Marekani hawajathubutu. Fedha za familia zilielekea kwingine, bima ya mfanyakazi ikaelekea huku. Kuiita hali hiyo kujikosha tu ni kumdharau yule mfanyakazi ambaye mwenzi wake alipata matibabu.

Na kuna matangazo ambayo neno hili halitakiwi kuyagusa kabisa. Katika miaka ya 1990 Subaru ilikuwa ikidorora sokoni Marekani, na uchunguzi wake ukaonyesha kuwa miongoni mwa wanunuzi wake waaminifu walikuwamo wanawake wasagaji. Ikatengeneza matangazo ambayo namba za magari zilisomeka "XENA LVR" na "P-TOWN". Ya kwanza ilimhusu shujaa wa kike wa mchezo wa televisheni waliyempenda, ya pili mji wa Provincetown wanakopumzika. Aliyehusika alitabasamu, wengine wakapita bila kuona. Barua za vitisho vya kususia zilikuja. Mwaka 2000 kampuni ikamchukua mchezaji tenisi Martina Navratilova, aliyewahi kupoteza mikataba ya matangazo baada ya kujulikana alivyo. Subaru ilitaka pesa, hilo halina mjadala. Lakini iliwatafuta watu wakati kuwatafuta kulikuwa na hatari, na haikuwa na doa la kuficha.

Hatari, basi, ni kipimo kizuri. Juni 2021 kurasa za BMW katika nchi kadhaa zilivaa rangi za upinde huku ukurasa wake wa Mashariki ya Kati ukibaki na nembo ya kawaida. Kwetu Afrika Mashariki, ambako sheria za Kenya, Uganda na Tanzania zinaadhibu mapenzi ya jinsia moja, msomaji anaweza kuishi maisha yake yote akitumia simu, benki na vinywaji vya makampuni hayo hayo bila kuuona upinde wao hata mara moja. Sisemi kampuni iwahatarishe wafanyakazi wake wa Nairobi kwa ajili ya nembo. Nasema kwamba rangi inayowekwa mahali ambapo haigharimu kitu, na kukunjwa mahali ambapo ingemaanisha kitu, haiwezi kuitwa msimamo.

Kisarufi istilahi haina tabu. Kampuni inajikosha kwa upinde, zilijikosha, tangazo la kujikosha. Kwa Kiingereza lile jambo la Juni ni "Pride", na wengi tumezoea kuandika Fahari. Naliunga mkono, lakini liandikwe kwa herufi kubwa, maana "magari ya fahari" kwetu ni magari ya kitajiri, na katika habari za biashara msomaji atapotea.

Linalobaki bila jina ni mwendo wa kinyume. Aprili 2023 Bud Light ilimpelekea Dylan Mulvaney, mwanamke aliyebadili jinsia mwenye wafuasi wengi mtandaoni, kopo lenye picha yake. Ususiaji uliofuata uliiondoa bia hiyo kwenye nafasi ya kwanza kwa mauzo Marekani. Karibu miezi mitatu baadaye Mulvaney alieleza kwamba alikuwa anaogopa hata kutoka nje, na kwamba kampuni haikuwahi kumtafuta. Mwezi Mei mwaka huo kampuni ya maduka ya Target iliondoa baadhi ya bidhaa za Fahari baada ya wafanyakazi wake kutishiwa. Mwaka 2025 makampuni ya Anheuser-Busch (inayotengeneza Bud Light), Comcast na Diageo yalijitoa katika udhamini wa Fahari ya San Francisco, mji ule ule wa mapipa ya rangi ya Baker. Hapo hakuna anayejikosha, kwa kuwa hakuna anayetaka kuonekana na rangi. Jambo la Mulvaney ndilo linaloniuma kuliko yote, kwa sababu mtu aliitwa mbele ya tangazo, akapigwa mawe, na aliyemwita akanyamaza. Kwa hilo Kiswahili hakina haja ya istilahi mpya. Wasomaji wa Injili wanaijua habari ya Pilato, na magazeti yetu yameshazoea kuandika kwamba fulani amenawa mikono.