Kanisa la Nyumbani na Kanisa la Basilika



Wapendwa wanaparokia, mara kwa mara tunawasikia waamini wakisema kwamba Misa ya Dominika inawatosha, na kwamba jumuiya ndogondogo ni mzigo tu. Wengine husema kinyume: kanisani hakuna amjuaye mwenzake, Kanisa la kweli liko jumuiyani. Tuitazame historia, maana mvutano huu ni wa kale kuliko parokia zetu.

Mtume Paulo analisalimu kanisa lililokutana nyumbani mwa Priska na Akwila (Rum 16:5), na lile la nyumbani mwa Filemoni. Huko Dura-Europos, mji wa kale kando ya mto Frati katika Siria ya leo, wachimbaji walifukua katika miaka ya 1930 nyumba ya kawaida iliyogeuzwa kuwa kanisa katika karne ya 3. Ukuta kati ya vyumba viwili ulikuwa umebomolewa ili kupata ukumbi mmoja, na chumba kingine kikawekewa birika la ubatizo, na juu yake picha ya Mchungaji Mwema. Ukumbi ule hukadiriwa kutosha watu sabini hivi. Kwaya zetu mbili zingeujaza.

Lakini tusidhani kwamba udogo wenyewe ulikuwa utakatifu. Huko Korintho baadhi walishiba na kulewa, na maskini wakabaki na njaa (1 Kor 11). Kundi lililotegemea nyumba ya tajiri lilifuata kwa urahisi desturi za tajiri. Jumuiya zetu zaujua ugonjwa huo: nyumba yenye viti vya kutosha hupokea sala tena na tena, na ile ya mjane mwenye mkeka mmoja hurukwa.

Mwaka 313 Konstantino na Lisinio waliwapa Wakristo uhuru wa kuabudu, na muda si mrefu Kanisa la Laterano likajengwa Roma. Wakristo hawakuiga hekalu la kipagani, kwani hekalu lilikuwa makao ya sanamu, na watu walitolea sadaka nje. Waliiga basilika, yaani ukumbi mkubwa wa mahakama na biashara, ambamo umati uliweza kuingia. Humo bwana na mtumwa walisimama chini ya paa lisilokuwa la tajiri yeyote miongoni mwao. Kwetu sisi, faida hiyo yashinda marumaru zote. Hasara yake nayo ilikuja papo hapo: mtu aliweza kuingia na kutoka bila yeyote kuuliza habari zake.

Huku kwetu uinjilishaji ulianza na vituo vikubwa. Mapadre wa Roho Mtakatifu walipofika Bagamoyo mwaka 1868 walijenga misheni yenye kanisa, shule, karakana na mashamba. Baadaye vigango vya mbali vilimwona padre mara chache kwa mwaka. Katekista ndiye aliyeilinda imani, naye hatumkumbuki inavyostahili. Maaskofu wa Kongo walikwisha kuanza kutafuta njia ya jumuiya hai mwaka 1961. Wale wa AMECEA, walipokutana Nairobi mwaka 1973 na tena 1976, waliamua kwamba jumuiya ndogondogo ziwe msingi wa uchungaji. Sinodi ya Afrika ya 1994 ikaliita Kanisa Familia ya Mungu, na familia haiwezi kuwa ya watu wasiojuana.

Twaogopa jambo moja: jumuiya kugeuka dirisha la michango, ambapo jina la mwamini hutafutwa daftarini siku ya ubatizo au maziko ili kuona kama amelipa. Mtakatifu Yustino Mfiadini, akiandika Roma yapata mwaka 155, aeleza jinsi Wakristo wa mjini na wa mashambani walivyokusanyika mahali pamoja siku ya Jua. Mwenye nacho alitoa kwa hiari, na matoleo yakawekwa kwa kiongozi kwa ajili ya yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Mashemasi nao waliwapelekea Ekaristi wasiokuwepo.

Paroko hawezi kujua peke yake nani hakufika Dominika, na kwa nini. Viongozi wa jumuiya, katika kikao kijacho tunaomba mlete kwanza majina ya wagonjwa na ya wasioonekana. Daftari la michango tutalifungua baadaye.