Sikio la Bei Nafuu

Wahenga walituambia kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi wa visiwani tumezoea kuupima usemi huu kwa karafuu na nazi. Mimi umenifika kwa njia ya wimbo. Katika daftari langu umo wimbo mmoja wa beti saba, na katika hizo saba ninazo tano tu. Mbili zilizobaki zimo ndani ya kanda. Zinasikika, lakini hazifahamiki.

Ilikuwa mwaka 1989. Nilikuwa kijana niliyekwishaacha skuli, na nikaazima redio kaseti ya jirani ili nirekodi taarab ya harusi mtaani kwetu. Nikaiweka mahali nilipodhani ni pazuri kuliko pote, juu ya kiti, ubavuni mwa spika kubwa. Mtunzi wa wimbo ninaousema alikuwa mzee asiyejua kusoma wala kuandika. Wimbo wake haukuandikwa popote, naye hakuishi sana baada ya usiku ule. Nilipokuja kuisikiliza kanda yangu, nilikuta dumbak limetawala na vigelegele vimejaa. Ile redio nayo, kila sauti kubwa ilipopita, ilijipunguza yenyewe kisha ikajipandisha taratibu, na katika kupanda na kushuka huko ikayameza maneno.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuulizia habari za maikrofoni, hasa zile nafuu za kubebeka, ambazo mpenzi wa muziki huweza kuzitia mfukoni akaenda nazo ukumbini. Kwa lugha yetu chombo hiki tumekiita kipaza sauti, na jina hilo hilo tumeipa spika. Nadhani jina limetupotosha. Maikrofoni haipazi, inasikia. Ni sikio, na anayenunua sikio yampasa aulize litasikia nini, na likiwa limekaa wapi.

Naomba tuanzie mbali, kwani mas-ala haya hayakuanzia kwetu. Katika jumba la opera la Metropolitan, mjini New York, alikuwapo mtunza maktaba ya muziki aitwaye Lionel Mapleson. Kati ya mwaka 1901 na 1903 alinasa vipande vya maonyesho yenyewe, hadhira ikiwa imeketi. Chombo chake kilikuwa fonografu ya Edison, ya kutumiwa majumbani, yenye bomba la pembe na silinda za nta. Maikrofoni haikuwamo kabisa. Nguvu ya sauti ya mwimbaji ndiyo iliyoisukuma sindano ikachora nta. Silinda moja ilichukua kiasi cha dakika mbili. Kwa sehemu kubwa ya kazi hiyo Mapleson alikaa juu, katika vijia vya mafundi vinavyopita juu ya jukwaa, na umbali huo unasikika: sauti ni nyembamba, zimefunikwa na mikwaruzo. Hata hivyo, Jean de Reszke, mmoja wa waimbaji wakubwa wa zama zile, hana sauti nyingine iliyotufikia ila hiyo ya mle katika nta ya Mapleson. Chombo kilikuwa duni, lakini kilikuwapo.

Mwaka 1925 kampuni kubwa za santuri zilianza kuyaacha mabomba ya pembe na kurekodi kwa umeme. Maikrofoni ya kondensa, ambayo E. C. Wente aliibuni Marekani mwaka 1916, ina utando mwembamba uliokaa mbele ya bamba, na baina yao umetiwa umeme. Sauti ikiutikisa utando, nafasi baina ya viwili hivyo hubadilika, na umeme nao hubadilika. Mwimbaji hakulazimika tena kupiga ukelele mbele ya bomba; hata pumzi yake iliweza kunaswa. Lakini sikio hili lilitaka kulishwa umeme mkali kutoka nje, lilikuwa na vifaa vizito, na bei yake haikuwa ya mtu wa kawaida. Likawa mali ya studio.

Kwa hiyo mwimbaji ndiye aliyeifuata maikrofoni. Hapo ndipo historia hii inapotua kwetu. Mwaka 1928, miaka mitatu tu baada ya mageuzi hayo, Siti binti Saad, mwana wa Fumba, alivuka bahari pamoja na wenzake hadi Bombay ili warekodi santuri za HMV. Santuri zile zilienea pwani nzima na kulifikisha jina lake mahali ambapo miguu yake haikufika. Tunajivunia safari ile, na tuna haki. Lakini anayeipenda taarab na aufikirie upande wa pili. Uso mmoja wa santuri ulichukua dakika tatu na kitu. Wimbo wa barazani haupimwi hivyo: ubeti hurudiwa kwa kuwa mtu ameinuka kutunza, kibwagizo huvutwa, neno hubadilishwa kwa kuwa mlengwa yumo ndani ya nyumba. Bombay hawakuwapo wenye kutunza. Sauti ya Siti tunayo. Usiku wake hatunao.

Ili maikrofoni nayo iweze kumfuata mwimbaji, ilibidi kitu kimoja kigunduliwe. Mwaka 1962, katika maabara ya Bell huko New Jersey, Gerhard Sessler, Mjerumani, na James West, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Virginia mwaka 1931, walitengeneza maikrofoni ya elektreti. Walichukua utando wa plastiki, wakaupaka madini upande mmoja na kuutia chaji ya umeme ambayo haitoki. Hubaki ndani yake miaka na miaka. Umeme mkali wa kutoka nje ukawa hauna kazi tena. Betri ndogo ilitosha kukiendesha kikuzaji kilichomo ndani. Kifaa kikawa kidogo kama kifungo cha shati, na bei ikaanguka. Mwaka uliofuata, 1963, kampuni ya Philips ilionyesha kaseti mjini Berlin. Sikio la bei nafuu na daftari la bei nafuu vilizaliwa karibu wakati mmoja, na vilipokutana ndani ya redio kaseti, harusi ya mtaani ikapata mwandishi wake.

Wako waliotambua mapema kuwa huu ulikuwa mgawanyo mpya wa madaraka. Bendi ya Grateful Dead ya Marekani, mwezi Oktoba 1984, ilianza kutenga sehemu maalumu ukumbini kwa wasikilizaji waliokuja na maikrofoni zao. Sharti lilikuwa kwamba kanda zibadilishwe baina ya wapenzi wala zisiuzwe. Nalipenda sharti hilo. Anayerekodi bila ya idhini huweza kumla msanii jasho lake, na kilichohifadhiwa kwa wizi ni vigumu kukitoa hadharani baadaye. Kwanza ombeni ruhusa, kisha washeni chombo.

Sasa, kwa kijana anayeniuliza anunue nini, historia hii inajibu zaidi kuliko tangazo la duka. Maikrofoni nafuu ni za namna mbili kuu. Iko inayosikia pande zote, ambayo hupokea vizuri sauti nzito za udi na besi na haisumbuliwi mno na upepo wala mtikisiko wa mkono. Lakini jirani anayekohoa nyuma yako ataingia pamoja na kanuni. Na iko inayosikia zaidi upande wa mbele, ikaupunguza mgongo wake. Katika ukumbi wenye utulivu, ukiwa karibu, ya kwanza inatosha na huleta uhai wa mahali. Katika harusi, au uani penye watoto na vigelegele, chukua ya pili. Ukiweza kupata mbili zilizo sawa, zipange kama walivyopanga mafundi wa redio ya Ufaransa: umbali wa sentimita 17 baina yake, zikitazamana na pande mbili tofauti kwa pembe ya nyuzi 110. Kulia na kushoto vitasikika kama masikio yanavyovisikia.

Uliza pia inastahimili sauti kubwa kiasi gani, kwa sababu elektreti nyingi za bei ya chini hupasuka sauti mbele ya spika kubwa, na kilichopasuka hakishoneki. Uliza inakula umeme gani: ndogo nyingi hutosheka na volti chache za kinasa sauti chenyewe, na nyingine zataka volti 48. Nunua kinasa sauti kinachokuruhusu kupanga kiwango kwa mkono, ukizime kile kirekebishaji cha kujiendesha kilichoniponza mimi, na uache nafasi juu ya sauti kubwa kuliko zote. Simu nyingi za leo zina maikrofoni ndogo zaidi za silikoni. Si mbaya, ila zimeundwa kwa mdomo ulio karibu, na ngoma huzishinda.

Hata hivyo, pesa zote hizo hazinunui mahali pa kukaa. Umbali ukizidi mara mbili, nguvu ya sauti itokayo moja kwa moja kwa mwimbaji hubaki robo, ilhali mwangwi wa ukumbi na kelele za watu hubaki pale pale. Ndiyo maana maikrofoni nyonge iliyo hatua tatu kutoka kwa mwimbaji huyahifadhi maneno kuliko ya thamani iliyo mlangoni. Mimi nilikaa karibu, lakini nilikaa karibu na spika na ngoma. Mshairi alikuwa upande mwingine.

Ile kanda ya 1989 nimekwisha kuihamishia kwenye kompyuta, na nimeisikiliza mara zisizo na hesabu. Mizani naijua, na vina vya mwisho vinasikika. Kwa kuwa mwenyewe ni mtunzi na mfasiri, ningeweza kuzijaza beti zile mbili kwa maneno yangu, na pengine asitokee wa kutambua. Sikufanya hivyo. Mistari minane ya daftari langu bado ni mitupu, na juu yake nimeandika tarehe tu. Kama yuko aliyekuwapo harusini usiku ule, na angali akikumbuka mzee alisema nini, naomba aje anisomee. Safari hii nitakaa karibu naye.